Gurudumu la Chuma juu ya Chuma: Somo kutoka Reli ya Tanga

Mwanafunzi anayesimama ufukoni Ushongo, kusini ya mlango wa Mto Pangani, aweza kujifunza fizikia kwa kuwatazama wavuvi tu. Ngalawa nzito ikiburutwa juu ya mchanga mtupu huwashinda watu wengi. Ikitandikiwa vipande vya magogo ya mnazi vinavyoviringika, watu wachache huipandisha. Uzito wa ngalawa haukupungua hata ratili moja. Kilichopungua ni msuguano. Reli ni jambo hilo hilo, ila limefikishwa mbali zaidi: gurudumu gumu na laini la chuma, likiviringika juu ya njia ngumu na laini ya chuma.

Ushongo yenyewe haina reli, wala mji wa Pangani hauna. Jambo hili lastahili kuelezwa, kwani katika karne ya 19 Pangani ilikuwa bandari mashuhuri ya misafara iliyokwenda Usambara na Kilimanjaro. Lakini mlangoni mwa mto pana fungu la mchanga linalozuia meli kubwa kuingia. Tanga, iliyo kaskazini yake, ina ghuba yenye kina, iliyokingwa na mawimbi ya bahari kuu. Meli iliyobeba vyuma vya reli ingeweza kutia nanga huko bila hofu. Basi Wajerumani walipoanza kujenga mwaka 1893 walianzia Tanga. Muheza ilifikiwa mwaka 1896. Kampuni ikaishiwa fedha, na serikali ya kikoloni ikaichukua reli mwaka 1899. Korogwe ilifikiwa mwaka 1902, Mombo 1905, Moshi 1911, na chini ya Waingereza, Arusha mwaka 1929. Tarehe hizi huandikwa vitabuni kana kwamba reli ilijijenga yenyewe. Tuta lililochimbwa na mataruma yaliyotandikwa ni kazi ya mikono na mabega ya watu.

Sasa tutazame faida ya chuma juu ya chuma. Kwenye njia tambarare, behewa lenye uzito wa nyutoni 1,000 huhitaji kani ya nyutoni 2 hivi tu kulidumisha katika mwendo wa polepole. Gari lenye matairi ya mpira juu ya lami, kwa uzito ule ule, huhitaji nyutoni 10 au zaidi, kwa kuwa tairi hubonyea na kujikunjua kila linapozunguka, na nishati hupotea kuwa joto. Ndiyo sababu katani ya Tanga na kahawa ya Kilimanjaro ziliweza kuteremshwa bandarini kwa mafuta au kuni chache kwa kila tani.

Lakini chuma hakitoi faida hiyo bure. Msuguano ule mdogo unaolifanya behewa liviringike kwa wepesi huambatana na udhaifu mwingine: magurudumu ya kichwa cha treni nayo hushika reli kwa shida. Hebu tuchukue mfano wa treni ya tani 600, ikiwa ni pamoja na kichwa chake cha tani 60 ambacho magurudumu yake yote huzungushwa na injini. Tukichukua kani ya uvutano kuwa nyutoni 10 kwa kilo, uzito wa kichwa ni nyutoni 600,000. Reli ikiwa kavu, kichwa chaweza kuvuta kwa kani ya karibu moja ya tano ya uzito wake, yaani nyutoni 120,000. Injini ikiongezewa nguvu kupita hapo, magurudumu yatazunguka mahali pale pale.

Kwenye tambarare treni yetu yahitaji nyutoni 12,000 tu. Kazi ni nyepesi mno. Ipeleke sasa kwenye mpando wa 1 kwa 100, yaani unaoinuka mita moja kwa kila mita 100 za njia. Uzito wa treni nzima ni nyutoni 6,000,000, na sehemu moja ya mia ya uzito huo huivuta nyuma. Jumla ya kani inayohitajika ni nyutoni 72,000, na bado twaweza. Ipeleke kwenye mpando wa 1 kwa 50: zitahitajika nyutoni 132,000, na treni haitapanda. Lori lingeupanda mwinuko huo bila dereva wake kuugundua.

Mvua ikinyesha, mambo hubadilika tena. Reli iliyolowa, au iliyopakwa utomvu wa majani yaliyopondwa, yaweza kupunguza mshiko hadi moja ya kumi ya uzito wa kichwa. Tunabaki na nyutoni 60,000, na hata ule mpando wa 1 kwa 100 unatushinda. Dawa yake ni ya kale na ni rahisi: mchanga. Vichwa vingi vya treni hubeba masanduku ya mchanga mkavu, na dereva huunyunyiza mbele ya magurudumu. Mchanga ule ule unaomtesa mvuvi wa Ushongo humwokoa dereva wa treni.

Ukiisha kuzielewa hesabu hizi, ramani ya reli ya Tanga husomeka kama kitabu. Kutoka Korogwe njia haithubutu kuikabili milima ya Usambara. Yapita chini yake, upande wa bonde la Mto Pangani, ikaendelea chini ya milima ya Pare, kupitia Same, hadi Moshi. Kutoka Tanga hadi Moshi ni kilomita 352, na kimo cha Moshi ni takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari. Wastani wa mpando ni 1 kwa 440 tu. Wastani huficha mengi, kwani zipo sehemu kali zaidi njiani, lakini waonyesha jinsi wahandisi walivyoutafuta mwinuko wa pole. Kutoka Moshi hadi Arusha njia hupanda mita 600 hivi katika kilomita 86, yaani zaidi ya mara tatu ya ukali ule.

Waliotaka kupanda mlimani walilazimika kutafuta hila nyingine. Mwanzoni mwa karne ya 20 ilijengwa reli nyembamba, yenye upana wa milimita 750, kutoka Tengeni kwenda Sigi kwa ajili ya mbao za Usambara Mashariki. Mahali palipokuwa pakali mno treni ilikwenda mbele, ikasimama, kisha ikapanda kinyumenyume kwenye tawi la juu, kama mtu apandaye ngazi kwa zamu ya uso na kisogo. Huko Shume hata hila hiyo haikutosha. Magogo ya mitarakwa yaliteremshwa Mkumbara kwa kamba za chuma angani.

Hadi mwaka 1963 reli ya Tanga haikuwa imeunganishwa na Reli ya Kati. Mwaka huo njia ya kutoka Ruvu hadi Mnyusi ilikamilika, na abiria akaweza kutoka Dar es Salaam hadi Moshi kwa treni. Hiyo ndiyo treni ya masafa marefu: hushika mwendo wake na kuudumisha, vituo vikiwa mbalimbali. Treni ya mjini, kama ile iliyoanza kuwahudumia wakazi wa Dar es Salaam mwezi Oktoba 1982 ukijumlisha miaka 30, yaani 2012, ina maisha tofauti kabisa. Haijakolea mwendo, nayo yasimama.

Kila kusimama kuna gharama. Treni ya tani 400 inayokwenda kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde, ina nishati mwendo ya juli 45,000,000. Nishati hiyo yatosha kuchemsha karibu lita 140 za maji yenye nyuzi 25, endapo hakuna joto linalopotea. Treni ya dizeli ikifunga breki, yote huishia kuwa joto kwenye breki na magurudumu, na baada ya dakika chache injini lazima iizalishe upya. Treni ya umeme yaweza kuigeuza mota yake kuwa jenereta na kuirejesha sehemu ya nishati hiyo kwenye waya. Kwa maoni yangu hii ndiyo hoja kubwa ya kutumia umeme katika treni za vituo vingi, kuliko hata ile ya mwendo kasi, ambayo ndiyo iliyosifiwa zaidi wakati reli mpya ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, ilipoanza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024.

Lipo jambo moja zaidi, na kwa wanafunzi wanaoishi kando ya reli ndilo zito kuliko yote. Katika miaka ya 1990 treni za abiria ziliacha kwenda Moshi, na majani yakaota juu ya tuta. Zilirejea Desemba 2019, na Arusha mwaka 2020. Aliyezaliwa Mombo au Same mwaka 2000 alifikia umri wa miaka 19 akiijua reli zaidi kama njia ya miguu, mahali pa kupitisha mbuzi na pa kuanika mahindi.

Mshiko mdogo wa chuma huathiri breki pia. Basi kwenye lami kavu laweza kupunguza mwendo kwa mita 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Kwa treni nzito tuchukue nusu mita tu. Umbali wa kusimama ni mraba wa mwendo ukigawanywa kwa mara mbili ya kiasi hicho. Basi lililokuwa likienda mita 15 kwa sekunde litasimama baada ya mita 22.5. Treni itasimama baada ya mita 225, zaidi ya urefu wa viwanja viwili vya mpira. Dereva anayemwona mtoto akiwa mita 100 mbele yake amekwisha kuchelewa, hata akiwa hodari namna gani. Honi yake ndiyo msaada pekee aliobaki nao.

Mwalimu aweza kuwapa wanafunzi zoezi hili. Kwenye kona yenye vichaka, dereva huona mita 150 tu. Je, apite kwa mwendo gani ili aweze kusimama? Kwa breki peke yake jibu ni mita 12.2 kwa sekunde, au kilomita 44 kwa saa. Lakini mwanadamu huchukua muda kutambua anachokiona na kuushika mkono wa breki. Tukimpa sekunde 2, hesabu hugeuka kuwa mlinganyo wa kipeo cha pili, na jibu hushuka hadi kilomita 41 hivi kwa saa. Kisha waulizwe: kichaka kikifyekwa na dereva akaona mita 300, mwendo huo waweza kuongezwa kwa kiasi gani? Na siku ya mvua, breki zikipunguza mwendo kwa mita 0.3 tu katika kila sekunde?