Siku Mbili Katika Kisiwa cha Chumbe

Wengi wetu shuleni hatujaiona bahari, nami nilikuwa mmoja wao mpaka likizo ya Desemba iliyopita. Shangazi yangu ameolewa Unguja, naye alinichukua kulala usiku mmoja katika kisiwa cha Chumbe. Wenzangu watasema nilikwenda kustarehe tu. Sikatai. Lakini mwalimu wetu wa sayansi alinitaka niandike nilichojifunza, na nilichojifunza zaidi ni habari za maji machafu.

Chumbe ni kisiwa kidogo kusini ya mji wa Zanzibar, kiasi cha kilomita 12. Kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904, msikiti wa zamani, msitu, na vibanda saba vya wageni. Mwaka 1994 Serikali ya Zanzibar iliufanya msitu huo, pamoja na matumbawe ya upande wa magharibi, kuwa hifadhi. Tangu hapo ni marufuku kuvua samaki mahali hapo. Baadhi ya walinzi wake walikuwa wavuvi, kwa hiyo huwezi kuwadanganya juu ya bahari.

Kisiwa hiki hakina mto wala kisima. Ardhi yake si udongo kama wetu, bali ni mawe ya matumbawe ya kale, yenye matundu kama sifongo. Mvua ikinyesha, maji hupenya mara moja yakaenda zake. Basi kila kibanda hujikingia maji yake. Paa ni kubwa, la makuti. Mvua huteremka juu yake, hupita katika chujio, kisha huingia katika hodhi chini ya sakafu. Kutoka huko hupandishwa kwa pampu ya mkono, na ya kuogea hupashwa moto na jua. Taa nazo hupata nguvu zake kwa jua.

Jioni ile nilioga kama ninavyooga nyumbani, maji yakimwagika huku najisugua. Mara yakakatika, nami nina povu machoni. Shangazi akacheka nje ya ukuta: “Haya, mwanangu, pampu hiyo hapo. Mvua yako umekwisha imaliza.” Nilipiga pampu mpaka mikono ikaniuma.

Usiku tulitazama kaa wa nazi, wakubwa ajabu, wakitembea msituni. Lakini swali langu lilikuwa jingine, na asubuhi nilimwuliza mlinzi: Bahari yote hii, mbona maji ya kuogea hayaachwi yaingie humo?

Alinipeleka nyuma ya kibanda, penye kitalu cha mimea. Maji yenye sabuni huingia humo, na mimea huyanyonya. Vyoo havitumii maji kabisa. Kinyesi huchanganywa na majani makavu, kikaoza polepole kuwa mbolea. (Harufu haipo. Nilikwenda kunusa makusudi.)

Sababu yake ni hii. Matumbawe hustawi katika maji yasiyo na rutuba nyingi. Ukitia kinyesi na sabuni, umetia naitreti na fosfeti, yaani mbolea, na anayeshiba kwanza ni mwani. Mwani hukua upesi, ukafunika matumbawe na kuyanyima mwanga. Na kwa kuwa kisiwa ni sifongo, choo cha shimo kingevuja mpaka baharini. Sisi wa Uganda tusione ajabu. Katika miaka ya 1990 magugu maji yalifunga ghuba na bandari za ziwa Victoria, nayo yalilishwa na rutuba iliyotoka mashambani na mijini kwetu.

Baadaye tuliogelea juu ya matumbawe. Kuna aina kiasi cha 200 hapo, na samaki aina zaidi ya 400. Nilipochoka nilitaka kusimama juu ya jiwe moja la duara, lakini mlinzi alinishika mkono upesi. Jiwe lile ni wanyama wadogo maelfu walioshikana, na kwa mwaka hukua kiasi cha sentimita moja tu. Ndani ya miili yao wanakaa vijimea vidogo sana, ambavyo huwapa sehemu kubwa ya chakula chao. Bahari ikipata joto mno, vijimea hutoka, na matumbawe hubaki meupe. Mwaka 1998 yalipauka hivyo katika sehemu nyingi za Bahari ya Hindi, na mengi yakafa.

“Basi kitalu kile chafaa nini,” nikamwuliza, “ikiwa joto latoka mbali?”

Alifikiri kidogo. Akasema kuwa homa humpata kila mtu, lakini mwenye vidonda na njaa huchelewa kupona.

Tuliondoka mchana. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja, na shangazi akaniuliza kama wageni watakaolala katika kibanda chetu nimewaachia maji.