Mbaazi na Malisho ya Kiangazi katika Uwanda wa Makonde

Katika Uwanda wa Juu wa Makonde, kuanzia Newala hadi Tandahimba, mvua huanza Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Kiasi chake, karibu milimita 1,000 katika mwaka wa kawaida, si kidogo sana. Tatizo ni udongo. Mchanga wa huko hupitisha maji upesi hadi chini kabisa. Ndiyo maana kwa miaka mingi wakazi walilazimika kuteremka mabondeni kuteka maji. Ifikapo Julai nyasi zimekauka, na mbuzi hubakiwa na mabua. Lakini mbaazi iliyopandwa pamoja na mahindi na mihogo ingali kijani. Kwa nini?

Mizizi

Mbaazi hukua polepole mwanzoni, hivyo haiyanyimi mahindi mwanga. Wakati huo mzizi wake mkuu huteremka, na waweza kufika mita 2. Mahindi yakisha kuvunwa, mbaazi huendelea kufyonza maji yaliyozama mbali, ambako mizizi ya nyasi haifiki.

Tena, kama mimea mingine ya jamii ya mikunde, mbaazi ina vifundo mizizini. Humo huishi bakteria waitwao rhizobia. Hewa ina nitrojeni asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ikiwa gesi. Bakteria hao huigeuza iweze kutumika, nao hulipwa sukari na mmea. Kutokana na nitrojeni hiyo mmea hutengeneza protini.

Faida kwa mbuzi

Mbuzi naye hutegemea vijidudu, wale wanaosaga nyuzinyuzi tumboni mwake. Chakula kikiwa na protini chini ya asilimia 7 hivi, vijidudu hao hudhoofika, na mnyama hukonda ingawa tumbo limejaa. Mabua ya mahindi kwa kawaida hayafikii kiwango hicho. Majani mabichi ya mbaazi hukipita maradufu. Kwa hiyo majani machache yaliyochanganywa na mabua huyafanya mabua yenyewe yasagike vema zaidi.

Hesabu ya shamba

Hata hivyo, yafaa tujihadhari. Sehemu kubwa ya nitrojeni huondoka na mbegu zinazovunwa. Inayorudi ardhini hutokana hasa na majani yanayopukutika na mizizi inayooza. Mkulima akiwapa mbuzi majani yote na kuyachoma masalio, shamba halitapata mbolea iliyotarajiwa. Njia iliyo bora ni kukata matawi baada ya kuchuma maganda, kuyaacha majani yaliyokwisha kuanguka, na kurudisha samadi shambani kabla ya mvua. Ugonjwa wa mnyauko, unaotokana na kuvu wa udongoni, hudai pia mbaazi isipandwe mahali pale pale kila mwaka.

Jaribio

Mbaazi inapokaribia kutoa maua, chimbueni mche mmoja kwa jembe, bila kuung'oa, maana vifundo hukatika. Osheni mizizi polepole, kisha pasueni vifundo kumi kwa wembe. Kilicho chekundu au cha waridi ndani kinafanya kazi. Cheupe, cha kijani au cha kahawia hakifanyi kazi.

Maswali

1. Kwa nini mahali penye mvua ya milimita 1,000 paweza kuwa na ukame?
2. Fuateni safari ya nitrojeni kutoka hewani hadi kwenye samadi. Hupotea wapi?