Kukimbia tena baada ya matanga

Tulipomzika baba Korogwe na kurudi Mbezi, wa kwanza kunidai hakuwa mwenye turubai. Alikuwa mbwa. Saa kumi na moja alfajiri tayari amekaa getini, pua kaichomeka kwenye upenyo, anamngoja mzee amtoe. Hakuna aliyemwambia kwamba mzee hatoki tena.

Mbwa huyu anaitwa Utajiju. Mzee alimpa jina hilo mwaka aliokorofishana na jirani kuhusu mpaka wa kiwanja, ili kila akimwita, jirani asikie. Ugomvi ukaisha, jina likabaki, na sasa ni mimi ninayepita mitaani nikipaza sauti "Utajiju! Utajiju!" huku wauza vitumbua wakigeuka kutazama nani anatukanwa asubuhi yote hii.

Kwa wasionifahamu, mimi ni kocha wa kujitolea wa kikundi kidogo cha jogingi, huku Ubungo ya juu. Kazi yangu ni kuwafundisha watu wazima kupanda vilima vya Goba na kushuka makorongo ya Msakuzi bila kuteguka kifundo. Kila mwaka kuna mwanakikundi anayefiwa. Wengi hupotea mwezi mmoja, miwili, na wengine hawarudi kabisa. Waliorudi niliwapokea vibaya: niliwapa pole, halafu nikawapa ratiba. Mpaka zamu yangu ilipofika ndipo nilipojua ratiba haikuwa dawa. Haya ndiyo ninayowaambia siku hizi.

Wiki ya msiba usikimbie. Umelala mkekani siku tatu nne, usingizi wa vipande vipande, umekunywa kahawa kuliko maji, umekula wali saa tisa alasiri kwa sababu ndipo sahani ilipokufikia. Mwili huo ukiuvalisha raba utaumia. Kipimo changu ni cha bure: ukiamka, kabla hujainuka kitandani, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono upande wa dole gumba, uhesabu mapigo dakika nzima. Kama kawaida yako ni 60 na leo umepata 72, bado uko msibani hata kama turubai limeshashushwa. Tembea tu. Na kama hujui kawaida yako, anza kuiandika ukiwa mzima, maana siku ya shida hakuna wa kukukumbushia.

Baada ya hapo, usitafute programu. Tafuta kazi aliyoiacha marehemu inayohitaji miguu. Mimi nilirithi mbwa. Mama mmoja wa Makuburi alitujia baada ya kumaliza eda, miezi minne na siku kumi ndani, akasimama pembeni na ushungi wake.

"Kocha, mimi sijaja kukimbia."

"Karibu mama. Umekuja kufanya nini?"

"Sijui. Kukaa nyumbani nimechoka."

Katika mazungumzo ikajulikana kwamba marehemu mumewe alikuwa akienda kwa miguu Mahakama ya Ndizi, pale Mabibo, kila Jumamosi, na kurudi na bajaji akiwa na mkungu mapajani. Nikamwambia basi hiyo ndiyo programu yako: Jumamosi nenda kwa miguu, rudi kwa bajaji. Aliifanya miezi miwili kabla ya kukimbia hatua moja. Leo hunipita mlimani, na ndizi bado ananunua.

Ukiamua kukimbia, hesabu nguzo za umeme. Kimbia nguzo mbili, tembea moja. Fanya hivyo dakika ishirini, geuka, rudi nyumbani. Kasi iwe ile ambayo unaweza kumsalimia jirani kwa sentensi nzima, kuanzia shikamoo hadi habari za watoto, bila kukata pumzi. Wiki ya tatu ongeza nguzo ya tatu. Saa ya mkononi iache mezani.

Hapa wanaume hunibishia sana. Wamekulia kwenye sifa za Filbert Bayi, aliyeongoza mwanzo hadi mwisho Christchurch tarehe 2 Februari 1974 na kuvunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa 3:32.16, na wanadhani kukimbia ni kutoka mbele na kufa mbele. Au wananiletea John Stephen Akhwari. Kila kocha nchi hii ana Akhwari mfukoni: Mexico 1968, goti limefungwa bendeji, anaingia uwanjani zaidi ya saa moja baada ya mshindi, amekuwa wa mwisho na amemaliza. Nimekataza kikundi changu kumtumia kumsukuma mfiwa. Yule alianguka barabarani siku moja, na mstari wa kumalizia ulikuwa unajulikana uko wapi. Mtu aliyefiwa na baba yake hajui mstari wake umechorwa wapi. Ukimwambia akaze, atakaza, kisha atarudi nyumbani amechoka vilevile na goti linamuuma juu yake.

Sasa mbwa, maana walioniiga ni wengi na makosa nimeyaona. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema ulimi nje, na kwa unyevu wa Dar wa Januari na Februari kuhema huko hakumsaidii sana. Kwa hiyo toka kabla ya jua, na uwe umesharudi kabla lami haijapata moto. Bandika mgongo wa kiganja kwenye lami, uhesabu hadi saba. Usipoweza kuvumilia, na nyayo zake haziwezi. Akianza kuyumba au ulimi ukawa mwekundu sana, kaa naye kivulini, mwagia maji tumboni na miguuni, mpe anywe kidogo kidogo, na safari imeishia hapo. Usimlishe ugali na dagaa halafu ukamkimbiza. Chakula kisubiri mrudi. Mbwa asiyefikisha mwaka asikimbizwe mbali, mifupa bado haijakomaa. Na kupe wapo kwenye majani ya njia zote hizo, basi mpekue masikioni na katikati ya vidole kila mkirudi.

Kamba ni lazima, hata kama mbwa wako ana adabu kuliko wewe. Saa hiyo ya alfajiri ndiyo waumini wanakwenda msikitini na udhu wao, na mate ya mbwa kwenye kanzu yatamrudisha mtu nyumbani. Ukiukaribia msikiti, vuka upande wa pili, fupisha kamba, toa salamu. Mzee alifanya hivyo, ndiyo maana hakuna aliyewahi kumlalamikia mbwa wake zaidi ya yule wa mpaka.

Mbwa wa wengine ndio tatizo. Mitaa yetu ina mbwa wa ulinzi wanaofunguliwa usiku, na saa kumi na moja baadhi bado wako nje ya geti. Ukikimbia umewaalika. Simama, usimkodolee macho, geuka ubavu, rudi nyuma taratibu. Kuinama kama unayeokota jiwe bado kunafanya kazi Mbezi kama kulivyofanya tulipokuwa watoto. Ukiumwa, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaanze sindano. Usipake kitunguu, usisubiri kuona mbwa atafanyaje. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, kupona ni kama hakupo. Mbwa wako mchanje kuanzia miezi mitatu na urudie kila mwaka. Kadi ya chanjo ya Utajiju niliikuta kwenye Biblia ya mzee, tarehe zote zimetimia.

Kuhusu njia zenyewe sitasema mengi, kila mtu ana zake. Ukiacha Morogoro Road na kelele za mabasi ya stendi ya Magufuli, ndani ya dakika kumi uko kwenye njia za udongo mwekundu za Makabe na Msakuzi. Kupanda, fupisha hatua, na mteremko ukizidi tembea huku umeshika mapaja, si aibu. Kushuka, tazama hatua tatu nne mbele badala ya vidole vyako, piga hatua ndogo za haraka, mikono iachie itafute mizani. Wakati wa masika usivuke mfereji ambao huoni chini yake, maana korongo la mwaka jana silo la mwaka huu. Pande ni pori la akiba, usiingie bila kibali. Raba za mtumba zinatosha, ila zikunje kabla hujalipa: soli ikikunjika katikati kama chapati, imeshakufa.

Na machozi. Yatakuja, na yatakuja mlimani, kwa sababu pumzi ikishafunguka hakuna unachoweza kuzuia. Huwezi kulia na kukimbia kwa wakati mmoja, koo linabana. Simama, weka mikono kichwani, vuta hewa puani, toa polepole mdomoni, tembea. Anayekimbia na mfiwa akae naye kimya, asimpigepige mgongo. Ila mwenzako akisema wiki kadhaa halali, hali, au haoni faida ya kuishi, hapo kocha hatoshi, wala mbwa hatoshi. Mpeleke hospitali, ingia naye.

Kwangu hayakuja mlimani. Yalikuja usiku wa kuamkia tarehe 15 Septemba 2025, miezi michache baada ya mazishi, nimeamka usiku wa manane kutazama marathoni ya dunia Tokyo. Alphonce Simbu na Mjerumani Amanal Petros walivuka wote kwa 2:09:48, Simbu mbele kwa sehemu tatu za mia za sekunde, Tanzania ina bingwa wa dunia. Nilifika hadi mlango wa chumba cha mzee nikagonga. Nikasikia kucha za mbwa zikija sakafuni.

Asubuhi ile nilimtoa mapema. Tulipofika kona ya muuza kahawa, Utajiju akakaa chini kama anavyokaa kila siku, na huwezi kumvuta. Mwanzoni nilidhani ni ukaidi. Muuza kahawa ndiye aliyenieleza kwamba mzee alikuwa akisimama pale, anakunywa kikombe kimoja, kipande cha kashata nusu yake nusu ya mbwa. Siku hiyo alimimina bila kuuliza.

"Kocha, vipi Simbu?"

Kikundi kizima sasa kinasimama pale dakika mbili, na kashata hukatwa nusu. Ukija kukimbia nasi, beba sarafu za kikombe mfukoni. Jamaa hana chenji asubuhi.