Kwangu Mbona Inakubali?

Karibu kila kikundi cha mradi wa mwaka wa mwisho kina huyu mtu. Anatumia Linux, ndiye aliyeandika skripti za kujenga programu na kuifanyia majaribio, na ukimwambia kwako imegoma anakujibu, "Kwangu mbona inakubali?" Wenzake wana Windows. Wanahangaika siku mbili, ya tatu wanakata tamaa, na mwisho wa muhula kazi yao ni kuandika ripoti na kupamba slaidi. Mimi hilo naliona ni suala la haki kwanza. Asiyeweza kuendesha majaribio haguswi na msimbo, wala yeye haugusi.

Wengi hukimbilia CMake, na ni sawa. Maelezo yale yale hutoa Makefile kwenye Linux na mradi wa Visual Studio kwenye Windows. Ila mradi wa Visual Studio hubeba Debug na Release pamoja, kwa hiyo andika `ctest -C Debug`. Ukiacha kutaja, majaribio hayaendeshwi kabisa, na mtu anadhani programu ndiyo mbovu.

Vidogo vidogo navipitia haraka. Windows humaliza mstari kwa alama mbili, CR na LF. Linux hutumia LF peke yake. Git ya Windows ikibadilisha miisho hiyo, skripti ya bash inaanza kulalamikia `\r`. Dawa ni mstari mmoja ndani ya `.gitattributes`: `*.sh text eol=lf`. Usiite faili `aux.c` wala `con.h`, maana majina hayo yametengwa tangu enzi za DOS. Na `Orodha.h` na `orodha.h` kwa kawaida ni faili moja kwenye Windows, lakini ni mbili kwenye Linux.

Kinachowasumbua watu kweli ni faili lililo wazi. Linux inakuruhusu kufuta faili ambalo programu bado inalisoma: jina linaondoka, yaliyomo yanabaki hadi msomaji wa mwisho alifunge. Windows kwa kawaida inakataa, na Python itakuonyesha WinError 32. Basi jaribio linapita vizuri, halafu linaanguka wakati wa kusafisha folda ya muda. Jamaa wengi huweka usingizi wa sekunde mbili kisha wanajaribu tena. Sikubaliani nao. Mara nyingi kosa hilo linakwambia kuna mahali ulifungua faili hukulifunga, na kwenye Linux uvujaji huo huo upo, umenyamaza tu, hadi siku programu itakapokaa hewani muda mrefu na kuishiwa nafasi ya kufungua faili jingine. Tumia `with`, funga faili, kisha futa. (Kuna nyakati ni antivairasi imelishikilia, hapo kurudia ni halali. Lakini hakikisha kwanza.)

Kwa njia za mafaili tumia `pathlib`, usiunganishe mikwaju kwa mkono.

Halafu msitegemee kumbukumbu ya mtu. GitHub Actions inakubali `windows-latest` na `ubuntu-latest` kwenye orodha moja, na kila msimbo unaotumwa unajaribiwa kote kuwili. Iwekeni wiki ya kwanza, mradi ukiwa na faili tatu, na aiweke mwenye Windows.