Baiskeli ya Gia na Vumbi la Migodini: Vidokezo 10 kutoka kwa Fundi

Shinyanga ni mkoa wa baiskeli. Mjini, baiskeli za abiria zimezoeleka hadi zikapewa jina la daladala. Vijijini ndizo zinazobeba maji, mkaa, mpunga, na hata mgonjwa wa kuwahishwa zahanati. Ukishapita Kahama kuelekea Kakola, Nyarugusu, Katoro na Geita, utazikuta zimebeba salfeti za mawe kutoka maduarani, yaani mashimo ya wachimbaji, kwenda kwenye makarasha, yaani mashine za kusaga mawe.

Zamani kazi hizi zilifanywa na Phoenix, Avon na Swala, ile iliyokuwa ikiundwa hapa hapa nchini. Siku hizi vijana wengi wanapenda baiskeli za gia zenye matairi mapana, zilizotengenezwa kwa ajili ya milimani. Ni baiskeli nzuri, nyepesi kwenye mwinuko na imara kwenye mawe. Ila zina vipuri vingi vidogo, na vumbi hupenya kila mahali. Nakuhakikishia kama fundi: uchafu unaua baiskeli nyingi kuliko mzigo. Basi fanya hivi.

1. Safisha kwanza, oili baadaye. Vumbi la makarasha limejaa kwatsi, lile jiwe jeupe linalobeba dhahabu, nalo ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Likichanganyika na oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye pikipiki, linakuwa msasa wa majimaji unaotafuna cheni mchana kutwa. Sugua cheni kwa mswaki wa zamani uliochovywa kwenye mafuta ya taa, ipanguse, iache ikauke. Kisha dondoshea oili safi, tone moja kwa kila kiungo. Zungusha pedeli, subiri dakika chache, halafu pangusa oili yote iliyobaki nje. Oili yenye kazi ni ile iliyoingia kwenye pini. Ya nje hukamata vumbi tu. Grisi usiiguse hapa. Na kwa ajili ya mapafu yako, usilipulize vumbi hilo kwa mdomo wala kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji.

2. Pima cheni kwa rula. Kutoka pini moja hadi inayofuata ni nusu inchi. Kwa hiyo weka sifuri ya rula katikati ya pini moja, hesabu pini 24 zinazofuata: kwenye cheni mpya, ya 24 itaangukia inchi 12 kamili. Ikizidi kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya. Ikizidi kwa 1/8, umechelewa: imeshakula meno, na utalazimika kununua friwili pia. Dukani taja kuwa ni ya gia. Cheni ya baiskeli isiyo na gia ni nene, haikai kwenye meno membamba.

3. Jiandae kwa miba. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliwasaidia Wasukuma kurudisha ngitili, yaani malisho yaliyohifadhiwa, na miti mkoani Shinyanga, migunga ikiwemo. Ni neema kubwa kwa ng'ombe na kwa ardhi, lakini migunga ina miba, na mapitoni kuna mbigili. Chukua tyubu kuukuu, kata vali, ipasue kwa urefu, kisha ilaze ndani ya tairi chini ya tyubu nzima. Miba mingi itaishia hapo. Ukipata pancha, usirudishe tyubu kabla ya kupitisha kitambaa polepole ndani ya tairi yote. Mwiba uliobaki utakinasa. Na ukishaona tundu moja kwenye beseni la maji, endelea kuizungusha tyubu hadi mwisho, maana mara nyingi yapo mengine.

4. Usiharakishe kiraka. Viraka vingi vinabanduka kwa sababu vimebandikwa solusheni ikiwa bado mbichi. Kwangua tyubu hadi ipoteze mng'ao. Paka solusheni nyembamba, eneo pana kuliko kiraka chenyewe. Ngoja hadi ikauke kiasi cha kutonata kwenye kidole, ndipo ubandike na kubonyeza kutoka katikati kwenda pembeni. Ukifuata hatua hizi, kiraka kitadumu na tyubu yake.

5. Soma namba ubavuni mwa tairi. Ukiambiwa gulioni kwamba tairi ni "26", usilipe bado. Tairi ya 26 x 1.95 na ya 26 x 1⅜ haziingiliani hata kidogo. Ya kwanza hukaa kwenye ringi ya milimita 559, ya pili kwenye ya milimita 590. Namba hizo zimechapwa kwenye mpira wenyewe, kwa hiyo zilinganishe na za tairi yako ya zamani. Kiwango cha upepo nacho kimeandikwa hapo hapo. Ukiwa na mzigo, jaza karibu na kikomo cha juu. Ukiwa mwenyewe kwenye mchanga, punguza kidogo ili tairi ishike.

6. Heshimu udongo wa mbuga. Mvua zikianza, kwa kawaida kuanzia Novemba, udongo mweusi wa mbugani hujaa kati ya tairi na foku hadi gurudumu linagoma. Usilazimishe pedeli! Kifaa cha kuhamisha gia kinaweza kujikunja na kuingia kwenye spoku, na hapo utapoteza vyote viwili. Shuka, kwangua tope kwa kijiti, beba baiskeli begani ikibidi. Madigadi ya karibu na tairi yavue hadi kiangazi. Nyumbani ioshe kwa maji ya kumwagia taratibu. Mashine ya kuoshea magari husukuma maji hadi kwenye gololi.

7. Kagua spoku kila wiki. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya kizamani lina spoku 40. La baiskeli ya gia mara nyingi lina 32 au 36. Usiipakie, basi, kama ulivyokuwa ukiipakia Phoenix ya baba. Bana spoku mbili mbili kwa vidole ukizunguka gurudumu zima, na iliyolegea utaijua mara moja. Ikaze robo mzunguko tu, kisha angalia ringi kama inakwenda sawa kabla ya kukaza tena. Iliyokatika ibadilishe siku hiyo hiyo, kwa kuwa jirani zake ndizo zimebeba mzigo wake. Chunguza zaidi upande wa friwili, ndiko zinakokatika sana. Salfeti nazo zigawe pande zote mbili za karia, zikae chini kadiri inavyowezekana.

8. Breki si kitu cha kuahirisha. Shinyanga mjini ni tambarare, unaweza kuzoea kusimama kwa mguu. Kwenye vilima vya Geita, ukiwa na mzigo mgongoni mwa baiskeli, mguu hautakusaidia. Mifereji kwenye raba za breki ikiisha, weka raba mpya. Chokoa punje za mchanga na vipande vya chuma vilivyonasa humo, kwani ndivyo vinavyokwangua ringi. Ringi iliyoliwa ikabonyea ubavuni inaweza kupasuka tairi ikiwa na upepo, itoe. Waya wa breki ukichanika hata uzi mmoja, badilisha wote. Na hakikisha breki ya mbele na ya nyuma zote zinashika.

9. Fungua gololi mvua zinapoisha. Shika gurudumu, litikise kushoto na kulia. Likicheza, koni zimelegea. Likizunguka kwa kukwaruza, ndani kuna mchanga. Mara moja kwa mwaka fungua habu, osha kwa mafuta ya taa, paka grisi mpya. Gololi za nyuma kwa kawaida ni za robo inchi, tisa kila upande, na za mbele ni za 3/16. Ukibadilisha, badilisha zote za upande huo. Ukichanganya mpya na kuukuu, zile mpya chache zilizo kubwa kidogo hubeba uzito wote na kuchimba koni.

10. Pedeli ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Krenki nyingi za alumini zinaharibiwa na mtu mwenye nguvu asiyejua jambo hili. Pedeli ya kulia hufunguka kama nati yoyote. Ya kushoto hufunguka kwa kuizungusha inakokwenda mishale ya saa. Herufi R na L zilizochongwa kwenye ekseli ya pedeli zinakuonyesha ipi ni ya kulia na ipi ya kushoto. Weka grisi kidogo, anza kuifunga kwa vidole, spana ije mwisho.

Vifaa vya kazi hii ni vichache: spana, bisibisi, pampu, mswaki wa zamani, rula, viraka, solusheni, mafuta ya taa na kichupa cha oili safi. Chagua jioni moja kila wiki, labda ile ya kabla ya mnada, uikague baiskeli yako ukiwa na watoto pembeni, wa kike na wa kiume, ili nao wajifunze. Na wewe ndugu yangu wa daladala, abiria anapokaa kwenye karia yako amekukabidhi uhai wake. Anza na breki leo, kabla hujampakia wa kwanza.