Somo: Kupima Ahadi kwa Wazee

Ndugu Katibu, mkulima wa Olmotonyi hana mwajiri wa kumchangia pensheni. Akizeeka hutegemea shamba na wanawe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliahidi matibabu bure kwa wazee wasiojiweza. Lakini ahadi hutimia inapopata fungu katika bajeti na orodha ya wanaostahili. Zanzibar ilifika hapo Aprili 2016, ilipoanza kuwalipa wazee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, hata wasiowahi kuchangia mfuko. Bara, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Hiyo ni tiba, si pensheni.

Chama kiwasaidie wanachama kupata vyeti vya kuzaliwa mapema: asiyethibitisha umri hupitwa na haki yake.

Swali: Wangapi kwenu hawana cheti?