Somo la Tisa: Sahihi Si Kura



Jioni moja katika darasa la kisomo pale Kisawasawa tulikuwa na zoezi la kujaza fomu. Kila mwanakisomo aliandika jina lake, akaandika kijiji chake, na mwisho akatia sahihi. Mzee mmoja alimaliza mapema. Aliweka kalamu chini akasema:

“Mwalimu, sahihi yangu ya kwanza niliitia mwaka 2015. Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa dole gumba. Nilikwenda Ifakara nikatia sahihi katika fomu ya mtu aliyetaka Urais kwa tiketi ya Chama. Nikarudi nyumbani nikawaambia wanangu kwamba nimekwisha mchagua Rais. Ilipofika Oktoba nikaifungua karatasi ya kura. Mtu wangu hayumo! Naomba kuuliza, ile sahihi yangu ilikwenda wapi?”

Wengine darasani walicheka. Mzee hakucheka. Swali lake ni swali zuri, na huenda hata wewe umewahi kujiuliza. Somo hili linalijibu.

Mlango wa kwanza na mlango wa pili

Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania, Ibara ya 39, inataja sifa za mtu anayegombea Urais. Awe raia wa kuzaliwa. Awe ametimiza umri wa miaka 40. Awe mwanachama wa chama cha siasa, na awe amependekezwa na chama hicho.

Angalia vizuri sifa ya mwisho. Maana yake ni kwamba mtu hawezi kusimama peke yake bila chama. Mwezi Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua kwamba kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki ya raia. Hata hivyo, katika uchaguzi wa 2015, wa 2020 na wa 2025, wagombea wote walipitia katika vyama.

Kwa hiyo njia ya Urais ina milango miwili. Mlango wa kwanza ni chama. Mlango wa pili ni wananchi, siku ya uchaguzi mkuu. Watu wengi wanaotaka Urais huishia mlango wa kwanza. Kampeni yao huanza na kwisha kabla mwananchi wa kawaida hajapiga kura hata moja.

Ngazi za mwaka 2015

Tuchukue mfano wa Chama Cha Mapinduzi (CCM), chama kinachotawala, katika mwaka ule aliotia sahihi mzee wetu. Rais Jakaya Kikwete alikuwa anamaliza vipindi vyake viwili. Kiti kilikuwa wazi, na wengi walikitaka.

Ngazi ya kwanza ilikuwa kuchukua fomu. Fomu zilianza kutolewa Dodoma mwanzoni mwa Juni. Ada yake ilikuwa shilingi 1,000,000. Wanachama 42 walichukua fomu.

Ngazi ya pili ilikuwa kutafuta wadhamini. Kila mwombaji alitakiwa apate wanachama 450 wa kumdhamini, kutoka mikoa 15, na mitatu kati ya mikoa hiyo iwe ya Zanzibar. Chukua kalamu yako ugawe 450 kwa 15. Utapata 30. Mzee wetu alikuwa mmoja wa wadhamini hao. Waombaji 38 walirudisha fomu. Wanne hawakurudisha.

Ngazi ya tatu ilikuwa Kamati Kuu ya Chama, iliyokutana tarehe 10 Julai. Hiki ni kikao cha watu wachache. Kazi yake ilikuwa kuyachuja majina 38 yabaki matano. Yaliyobaki ni Amina Salum Ali, John Magufuli, January Makamba, Bernard Membe na Asha-Rose Migiro.

Ngazi ya nne ilikuwa Halmashauri Kuu ya Taifa. Wajumbe wake walipiga kura, na majina matano yakabaki matatu: Amina Salum Ali, John Magufuli na Asha-Rose Migiro.

Ngazi ya tano ilikuwa Mkutano Mkuu wa Taifa. Hapa wajumbe walikuwa zaidi ya 2,000. Matokeo yalitangazwa tarehe 12 Julai. Magufuli alipata kura 2,104. Amina alipata kura 253. Migiro alipata kura 59. Magufuli akawa mgombea wa CCM.

Sasa toa 5 katika 38. Utapata 33. Watu 33 walitolewa katika ngazi ya tatu peke yake. Mkutano Mkuu haukuwapigia kura hata moja. Kati yao alikuwamo aliyewahi kuwa Waziri Mkuu, Edward Lowassa, ambaye wengi walimdhania kuwa na wafuasi wengi kuliko wote. Wajumbe watatu wa Kamati Kuu yenyewe walijitokeza hadharani kusema kwamba hawakubaliani na uamuzi ule. Lakini uamuzi ulibaki vile vile.

Muda mfupi kuliko wa mpunga

Wewe mkulima wa bonde la Kilombero unajua kwamba mpunga hukaa shambani miezi minne, au zaidi ikiwa ni mbegu ya zamani. Kutoka siku ya kuchukua fomu mpaka siku ya kukatwa, wale 33 hawakupata hata wiki sita. Mpunga uliokuwa bado kijani walipoanza safari ulikuwa haujaingia ghalani walipoimaliza.

Ndiyo maana wengine hutaka kuanza mapema. Chama nacho hukataza. Mwezi Februari 2014 CCM iliwaadhibu wanachama wake sita mashuhuri kwa kosa la kuanza kampeni kabla ya wakati. Kati yao walikuwamo Lowassa, Membe, Makamba na Frederick Sumaye. Kwa hiyo mtu akianza mapema anavunja utaratibu. Akianza kwa wakati, siku zake ni chache. Hapo ndipo panapowapa nguvu wale wanaokaa katika vikao vya kuchuja.

Kuongoza si kushinda

Tutazame mwaka mwingine, 1995. Ulikuwa mwaka wa uchaguzi mkuu wa kwanza tangu vyama vingi viliporudishwa mwaka 1992. Majina matatu yalifika Mkutano Mkuu wa CCM Dodoma. Kura zilikuwa hivi:

Jakaya Kikwete, kura 534.
Benjamin Mkapa, kura 459.
Cleopa Msuya, kura 336.

Jumlisha. Utapata kura 1,329. Ili mtu ashinde, ilibidi apate zaidi ya nusu, yaani kura 665. Je, yuko aliyefikisha? Hakuna. Kikwete aliongoza, lakini hakushinda. Msuya alitoka, na wajumbe wakapiga kura mara ya pili. Safari hii Mkapa alipata 686 na Kikwete 639. Tofauti yao ilikuwa kura 47 tu.

Tunajifunza nini? Wale waliomchagua Msuya mara ya kwanza hawakupoteza kura zao. Katika mara ya pili ndio walioamua mshindi. Kura inahesabiwa kila inapopigwa.

Aliyeshindwa afanye nini?

Ziko njia mbili, na zote mbili zimewahi kupitiwa na watu wakubwa.

Njia ya kwanza ni kukubali na kungoja. Kikwete alikubali matokeo ya 1995. Akabaki katika chama, akawa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje. Mwaka 2005 aliomba tena. Mkutano Mkuu ulimpa kura 1,072, Salim Ahmed Salim akapata 476 na Mark Mwandosya 122. Kikwete akawa Rais. Alingoja miaka kumi.

Njia ya pili ni kuhama. Lowassa alipokatwa Julai 2015 alijiunga na CHADEMA kabla mwezi haujaisha. Akagombea Urais kwa tiketi ya chama hicho, akiungwa mkono na vyama vya UKAWA. Katika uchaguzi wa Oktoba, Magufuli alitangazwa mshindi kwa kura 8,882,935. Lowassa alipata kura 6,072,848. Mwaka 2019 alirudi CCM. Alifariki Februari 2024.

Somo hili halikuambii ni njia ipi iliyo bora. Sheria inaruhusu zote mbili. Lakini iko njia ya tatu isiyofaa, nayo ni ya kugombanisha watu. Hiyo tutaisema hapo mbele.

Mwaka usio na kampeni

Si kila mara kunakuwa na mashindano ndani ya chama. Mwaka 1985, wakati wa chama kimoja, Mwalimu Nyerere alipong'atuka, vikao vya CCM vilimpitisha Ali Hassan Mwinyi. Mwezi Oktoba wananchi waliulizwa jina moja tu: ndiyo au hapana. Mwaka 2020 Rais Magufuli alikuwa jina pekee mbele ya Mkutano Mkuu. Mwezi Januari 2025 Mkutano Mkuu maalumu mjini Dodoma ulimpitisha Rais Samia Suluhu Hassan, naye akiwa jina pekee. Ni desturi ya CCM kwamba Rais aliye katika kipindi cha kwanza hapingwi ndani ya chama. Wako wanaosema desturi hiyo huleta utulivu. Wako wanaosema humnyima mwanachama nafasi ya kuchagua. Jadilianeni darasani, kwa heshima.

Sasa tumjibu mzee

Sahihi ya mzee ilifanya kazi yake. Ilisaidia kuonyesha kwamba mtu wake anajulikana na wanachama wa mkoa huu. Hapo kazi yake ikaisha. Mdhamini anasema, “Mtu huyu aruhusiwe kuomba.” Mpiga kura anasema, “Mtu huyu apewe.” Hayo ni mambo mawili. Sahihi si kura.

Je, mzee hakuwa na kura kabisa katika mlango wa kwanza? Alikuwa nayo, lakini siyo mwaka 2015. Wajumbe wengi wa Mkutano Mkuu ule walipatikana katika uchaguzi wa ndani ya Chama wa mwaka 2012. Uchaguzi huo huanza chini katika mashina na matawi, ukapanda katika kata na wilaya. Watu wa tawi huchagua watakaowawakilisha juu, na hao nao huchagua wengine. Nilimwuliza mzee, “Baba, mwaka 2012 ulihudhuria mkutano wa tawi?” Akafikiri. “Sikwenda,” akasema. “Niliambiwa ni mkutano wa kawaida tu.”

Hapo darasa lilinyamaza.

Kisha mzee akaendelea. Alisema jirani yake naye alikuwa mdhamini, wa mwombaji mwingine. Walibishana kilabuni mpaka wakaacha kusalimiana. Miaka yote walikuwa wakivuna mpunga kwa kusaidiana, na turubali la kupuria lilikuwa moja, la jirani. Mwaka ule mzee aliona haya kuliomba. Mpunga wake ulikaa shambani, na ndege wakaushambulia. Wakati anahangaika kutafuta turubali jingine, redio ikatangaza majina matano. Mtu wake hakuwamo. Mtu wa jirani hakuwamo vile vile.

“Walikatwa siku moja,” alisema mzee. “Sisi tukabaki hatusemezani mpaka masika.”

Hiyo ndiyo ile njia ya tatu. Wagombea wanaweza kupatana baada ya wiki moja na kushikana mikono jukwaani. Majirani waliogombana kwa ajili yao hubaki na hasara shambani.

Mambo ya kukumbuka

1. Soma fomu yote kabla ya kutia sahihi. Kama huelewi, omba usomewe. Uliza, “Sahihi hii ni ya kazi gani?”

2. Usipokee fedha wala kitu ili utie sahihi au upige kura. Hiyo ni rushwa, na sheria inaikataza.

3. Kama wewe ni mwanachama wa chama chochote, hudhuria mkutano wa tawi lako. Mkutano mdogo wa leo unaweza kumtoa mjumbe wa mkutano mkubwa wa kesho.

4. Uliza ngazi za chama chako: nani anachuja, nani anapiga kura, na majina mangapi yanabaki kila ngazi.

5. Bishaneni kwa hoja. Turubali la jirani halina chama.

Maneno ya kujifunza

Kuchuja: kupunguza majina kwa kuchagua yanayobaki.
Mdhamini: anayetia sahihi kumwezesha mtu aombe nafasi.
Mjumbe: aliyetumwa na wengine kuwasemea katika kikao.
Tiketi ya chama: kibali cha kugombea kwa jina la chama.

Maswali

1. Taja ngazi tano alizopitia mgombea wa CCM mwaka 2015.

2. Jumlisha kura za Mkutano Mkuu wa 2015: 2,104, 253 na 59. Nusu ya jumla hiyo ni ngapi? Je, ilihitajika kura ya mara ya pili? Eleza.

3. Mwaka 1995 Mkapa aliongeza kura ngapi kutoka mara ya kwanza hadi ya pili? Kikwete aliongeza ngapi?

4. Jadilianeni: Je, watu wachache wachuje majina kwanza, au wanachama wote wapige kura tangu mwanzo? Toeni sababu za kila upande.

5. Andika barua fupi, mistari sita, kwa jirani mliyekosana kwa sababu ya siasa. Weka tarehe juu. Mwisho tia sahihi yako.